Kwa Nini Jirani Amepata Mkopo na Wewe Umekosa?

Tuseme unauza kabeji na sukuma wiki pale soko la Nunguni. Jirani wa kibanda pia. Mmeomba mkopo wa simu siku moja: yeye amepata, wewe umeambiwa ujaribu baadaye. Nani ameamua?

Mara nyingi ni programu iliyofunzwa kwa rekodi za wakopaji wa awali, nani alilipa na nani alikwama. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, wateja wengi hawakuwa na payslip wala hati ya shamba, kwa hivyo kilichopimwa ni matumizi ya simu. Lakini simu ina mambo mengi. Yapi yahesabiwe?

Njia nyepesi ni kupima kigezo kimoja kimoja: je, wanaoweka pesa kila wiki hulipa vizuri zaidi? Kisichosaidia kinatupwa. Ni haraka, ila pesa unazopokea na unazotoa zaweza kusema jambo lile lile na zote zikapita. Njia ya pili ni kuondoa kigezo, kufunza programu upya, kisha kuona kama makosa yameongezeka. Hiyo inakula muda. Ya tatu, programu hutozwa kama faini kwa kila kigezo inachoegemea, basi visivyo na faida vinashuka hadi sifuri. Mimi ningeanza na ya kwanza kupunguza rundo, nimalizie na ya tatu.

Hata hivyo, hakuna njia inayoweza kuchagua kigezo ambacho hakikuletwa mezani. Mkulima wa Kilungu hana mwisho wa mwezi. Pesa huingia akivuna, halafu kimya. Ukipima siku 30 pekee, ataonekana hana kitu wakati wa kupanda, na hapo ndipo anatafuta pesa ya mbegu! Pima mwaka mzima, msimu wake utaonekana.

Kama uamuzi umefanywa na mashine pekee na umekuathiri sana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kuomba uangaliwe upya. Uliza huduma kwa wateja, usiogope.

Na cheki hii pia: wateja wako wanalipia laini ya nani? Kama pesa za kabeji zinaingia kwa simu ya bwanako, rekodi inajengeka kwake, si kwako.