Muuguzi wa shule anapomfuata mwenza katikati ya mkataba

Mume akihamishiwa Mbeya na mke ni muuguzi wa serikali Dar es Salaam, njia inajulikana: anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, anasubiri, akibahatika anahama na ajira yake. Muuguzi wa shule binafsi ya bweni hana pa kuhamishiwa. Mwajiri ni mmoja, na mkataba wa miaka miwili ndio kwanza una miezi tisa.

Wengi hapo hukimbilia notisi ya siku 28. Ipo kweli, katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa wanaolipwa kwa mwezi. Lakini mkataba wa muda maalumu una habari yake. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamruhusu mfanyakazi kuuvunja kabla ya wakati endapo mwajiri ameukiuka vibaya. Asipoukiuka, sharti wakubaliane. Familia kuhama si kosa la mwajiri. Kwa hiyo, isipokuwa mkataba wenyewe umekupa mlango wa kutokea (usome, wengi hawausomi tangu siku ya kusaini), barua unayoandika ni ombi.

Ombi hupokelewa vizuri likiwa na tarehe isiyoiumiza shule. Muhula wa kwanza hufungwa Juni. Mkuu wa shule akiambiwa Aprili, ana muda wa kutafuta mtu. Jibu lake lidai kwa maandishi, maana "sawa, safari njema" ya koridoni haina muhuri. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo unayodai na cheti cha utumishi ni haki yako. Kiinua mgongo usikipigie hesabu: hicho ni cha aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza angalau mwaka.

Kwangu mimi, hayo ya karatasi ndiyo mepesi. Mkuu atadai funguo za kabati na orodha ya dawa, na nusu siku inatosha kuzihesabu. Nani atamwambia muuguzi mpya kwamba yule binti wa kidato cha pili mwenye selimundu huficha maumivu wiki ya mitihani? Au kwamba mvulana mwenye pumu huacha dawa yake ya kuvuta ndani ya tranka kwa kuwaonea haya wenzake? Kila mtoto wa namna hii mwandikie ukurasa wake: dawa, kipimo, saa, dalili za mwanzo, simu ya mzazi, hospitali anakohudhuria kliniki.

Halafu yupo anayekuja kwako baada ya prepo ya usiku kumeza ARV, na hapo shuleni unajua wewe tu. Huyo jina lake lisionekane kwenye daftari la makabidhiano litakalolala mezani kwa mkuu. Siri yake inalindwa na Sheria ya UKIMWI ya 2008. Mpigie mzazi, zungumza na mtoto mwenyewe, wakubali kwanza ndipo umkutanishe na muuguzi mpya ana kwa ana. Mrithi asipopatikana hadi siku ya kuondoka, usimwachie matroni kopo la vidonge kwa kumwonea mtoto huruma. Mwambie mzazi aende CTC, kliniki ya tiba na matunzo anakochukulia ARV, wapange dawa zitatunzwa wapi na nani atamkumbusha, kabla shule haijafunguliwa Julai.