Virusi, Minyoo na Trojani: Nani Aliyeiendesha Programu?

Mtahiniwa, ukiulizwa kirusi cha kompyuta ni nini, huenda jibu linalokujia haraka ni hili: ni programu inayoharibu kompyuta. Jibu hilo halitoshi. Mnyoo nao huharibu kompyuta, na Trojani vilevile. Hata programu halali iliyoandikwa vibaya inaweza kufuta kazi yako yote. Tena, kama utakavyoona hapa chini, viko virusi ambavyo havikuandikwa kwa nia ya kuharibu chochote. Anayesahihisha jibu la namna hiyo hana njia ya kujua kama umeelewa tofauti au umekariri neno.

Shika jambo moja, na mada hii itakuwa nyepesi. Programu iliyohifadhiwa kwenye diski au flashi imelala. Ni maagizo yaliyoandikwa, basi. Haiwezi kujinakili, kufuta faili wala kuiba nywila mpaka iendeshwe, yaani mpaka kichakataji cha kompyuta kianze kuyatekeleza maagizo yake moja baada ya jingine. Kwa hiyo unapokutana na programu hasidi yoyote, iwe kwenye karatasi ya mtihani au kwenye kompyuta ya nyumbani, jiulize: nani aliyeiendesha? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha kirusi, mnyoo na Trojani, na ndilo linalokuonyesha kinga inayofaa.

Kirusi: husafiri ndani ya kitu kingine

Tuanze na kijana wa rika lako. Mwaka 1982, huko Pennsylvania nchini Marekani, mwanafunzi wa miaka 15 aitwaye Rich Skrenta alikuwa na kompyuta ya Apple II nyumbani. Alipenda kuchezea programu. Alikuwa akiwaazima marafiki zake diski za michezo ambazo amezibadilisha kwa siri, na mchezo ukiwa umepamba moto, maneno ya utani yangetokea kwenye skrini. Marafiki walichoka, wakaacha kumruhusu aguse diski zao. Hapo Skrenta akajiuliza: nitabadilishaje diski ya mtu bila kuigusa?

Ili ufuate alichofanya, kumbuka kwamba kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule hazikuwa na diski kuu ndani. Ulichomeka diski laini, ukawasha mashine, nayo ikasoma mfumo endeshi kutoka kwenye diski hiyo. Skrenta aliandika programu iliyojificha katika sehemu ya diski inayosomwa wakati wa kuwasha. Mashine ikiwashwa kwa diski hiyo, programu ilibaki kwenye kumbukumbu. Mtu akitoa diski ile na kuchomeka nyingine safi bila kuzima mashine, programu ilijinakili kwenye diski hiyo mpya. Diski mpya ikienda kwa rafiki mwingine, safari iliendelea. Kirusi hicho kiliitwa Elk Cloner. Kila baada ya kuwashwa mara 50, kilionyesha shairi fupi la kujisifu.

Hakikuandikwa ili kufuta kazi za watu. Hata hivyo, diski ambazo hazikupangwa kwa namna ya kawaida ziliweza kuharibika, kwa sababu kirusi kiliandika juu yake bila kuangalia kilichokuwapo. Jambo hili lina uzito katika kujibu maswali: nia ya mwandishi na madhara ya programu ni mambo mawili tofauti.

Sasa uliza swali letu. Nani aliendesha Elk Cloner? Ni mwenye kompyuta mwenyewe, kwa kuiwasha diski ikiwa ndani, bila kujua. Hiyo ndiyo tabia ya kirusi: hujipachika kwenye kitu kingine, kama faili au sehemu ya kuwashia ya diski, hungoja binadamu akiendeshe kitu hicho, kisha hujinakili. Miaka minne baadaye, yaani 1986, kikaja Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta aina ya IBM PC. Kiliandikwa Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliotaka kuwabana watu walionakili programu yao bila kulipa. Ndani yake waliweka majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu! Hakuna mwandishi wa programu hasidi wa leo atakayefanya hivyo.

Mnyoo: hauhitaji mtu abofye

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu kwenye intaneti, ambayo wakati huo ilikuwa na kompyuta chache za vyuo, maabara na jeshi. Programu hiyo haikusubiri mtu abofye kitu. Ilitumia kasoro zilizokuwamo katika programu ambazo tayari zilikuwa zikifanya kazi kwenye mashine hizo, ikiwamo programu ya kupokea barua pepe, na ilikisia nywila rahisi za watumiaji. Ikishaingia mashine moja, ilitafuta nyingine.

Morris aliiwekea programu yake utaratibu wa kuuliza kwanza kama nakala nyingine imeshaingia. Lakini akihofia kwamba wasimamizi wangeidanganya kwa jibu la uongo, aliiamuru iingie hata hivyo mara moja katika kila mara saba. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Nakala zilirundikana kwenye mashine moja mpaka ikashindwa kufanya kazi nyingine. Inakadiriwa kompyuta zipatazo 6,000 ziliathirika, ingawa hakuna faili iliyofutwa. Mahakama ilimtia hatiani. Alipewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya zaidi ya dola 10,000.

Nani aliyeuendesha mnyoo huo kwenye kila mashine? Si mwenye mashine. Uliendeshwa kupitia kasoro ambayo haikuwa imezibwa. Ndiyo maana dhidi ya minyoo, kumwambia mtumiaji awe mwangalifu hakutoshi hata kidogo. Dawa ni kuziba kasoro, yaani kusasisha mfumo. Mfano wa karibu zaidi ni WannaCry. Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro husika tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilikuja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Waliokuwa wamesasisha mashine zao walikuwa na kinga dhidi ya njia hiyo ya kuenea.

Najua bando ni ghali, na watu wengi nyumbani huzima masasisho ili kuokoa megabaiti. Ni afadhali kuyapanga kuliko kuyazima: peleka kompyuta mahali penye waifai ya bure au ya shule mara moja kwa mwezi, uiache ipakue. Kompyuta inayotumia mfumo endeshi uliokwisha muda, kama Windows 7 ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Januari 2020, haipati viraka vipya vya kasoro zinazogunduliwa.

Trojani: huingizwa kwa mikono miwili

Jina limetoka kwenye kisa cha Wagiriki na farasi wa mbao aliyeingizwa mjini Troya kama zawadi, askari wakiwa tumboni mwake. Trojani hujifanya kitu unachokitaka: mchezo, programu ya kulipiwa inayotolewa bure, au kifaa cha kutengeneza namba za usajili. Kwa kawaida haijinakili yenyewe. Haina haja, maana wewe ndiye unayeipakua, unayeisakinisha na unayebofya “Ndiyo” inapoomba ruhusa ya msimamizi. Ukiona maelekezo yanakutaka uzime antivairasi kwanza ndipo usakinishe, hapo farasi yuko mlangoni. Simu nayo ni kompyuta; programu uliyotumiwa na mtu kwenye kundi la mazungumzo, nje ya duka rasmi la programu, ichukulie vivyo hivyo.

Flashi iliyogeuka njia za mkato

Hili pengine umeliona kwa macho yako. Umepeleka flashi steshenari kuchapisha kazi. Ukirudi nyumbani unakuta folda zote zina kishale kidogo pembeni, na kila moja ina ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Wengi hudhani kazi imefutwa, wakaifomati flashi, na hapo ndipo notsi za miaka minne hupotea kwelikweli.

Tulia. Mara nyingi faili zako bado zipo. Programu hasidi imeziwekea alama ya kufichwa na alama ya faili za mfumo, kisha badala yake imetengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, mambo mawili hutokea: kwanza programu hasidi inaendeshwa, halafu folda yako halisi inafunguka ili usishuku. Ni ujanja wa hali ya juu, kwa sababu hukupa ulichokitafuta.

Zamani Windows ingeweza kuendesha programu ya flashi yenyewe, mara tu ilipochomekwa. Kuanzia Windows 7 njia hiyo ilifungwa kwa flashi. Kwa hiyo mdanganyifu anahitaji ubofyaji wako. Usipobofya, programu inabaki imelala. Fanya hivi: ichomeke flashi kwenye kompyuta yenye antivairasi iliyosasishwa, iikague, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ikiwa flashi yako imepewa herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hapo -h huondoa alama ya kufichwa, -r alama ya kusomwa tu, na -s alama ya faili za mfumo. Sehemu ya /s huifanya amri iingie kwenye folda za ndani, na /d huigusa folda yenyewe. Faili zikishaonekana, nakili kazi zako kwingine na ufute njia za mkato. Ikague pia kompyuta uliyobofyea mwanzo, la sivyo itaiambukiza flashi tena kesho. Na kama una nakala moja tu ya notsi zako, huna akiba. Weka ya pili mahali pasipounganishwa na kompyuta wakati wote.

Kujifunza kwa kuchezea mashine

Skrenta na Morris wote walianza kwa udadisi, na udadisi ni mwalimu mzuri. Tofauti iko kwenye mashine unayoichezea: yako au ya mwenzako. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini; Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Kukisia nywila ya waifai ya jirani “kwa kujaribu tu” kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kwenye mashine yako, au ya nyumbani kwa idhini ya wazazi, jaribu hili. Pakua Ubuntu, mfumo endeshi wa bure ulioanza mwaka 2004 na ambao jina lake ni binamu wa neno letu “utu”. Uandike kwenye flashi tupu kwa programu maalumu ya kazi hiyo, kisha washa kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kuujaribu bila kusakinisha. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows hurudi kama ilivyokuwa. Wakati Ubuntu inafanya kazi, fungua diski kuu. Ikiwa haijasimbwa, utaziona faili zote za nyumbani bila kuulizwa nywila ya Windows.

Sababu ni ileile ya mwaka 1982: kompyuta hutii programu iliyoiwasha. Nywila ya Windows hulindwa na Windows, na hapa Windows haikuendeshwa kabisa. Anayeishika laptopu yako iliyoibwa anaweza kufanya hivyohivyo. Kinga yake ni kusimba diski nzima, na ndiyo maana simu nyingi za siku hizi husimba hifadhi yake tangu kiwandani.

Swali la kujipima

Neema alichomeka flashi ya rafiki yake kwenye kompyuta ya maabara ya shule, akabofya folda yenye kishale. Asubuhi iliyofuata, kompyuta nyingine tatu kwenye mtandao huohuo, ambazo hazikuguswa na mtu usiku ule, zilikutwa na programu hasidi ileile.

(a) Programu hiyo ina tabia ya aina gani ya programu hasidi? Toa sababu mbili.
(b) Eleza kwa nini kubadilisha nywila ya kompyuta aliyotumia Neema peke yake hakutatatua tatizo.
(c) Pendekeza hatua moja kwa mtumiaji na moja kwa msimamizi wa maabara.

Katika (a) usiishie kutaja jina. Iliingia kwa kubofywa ikiwa imejificha kama folda, jambo la Trojani, lakini ilienea usiku bila mtu, jambo la mnyoo. Programu moja inaweza kuwa na tabia mbili, na alama ziko kwenye sababu. Katika (b) onyesha kwamba programu imeshaendeshwa na ipo kwenye mashine nne. Katika (c), hatua ya msimamizi lazima iguse kasoro iliyotumika kuvuka mtandao. Ukiandika “aweke antivairasi” bila kutaja kusasisha, umejibu nusu.