Tumbo Limevimba, Lakini Si Mimba!

Leo tuongee kuhusu kongosho, kile kiungo tunachokikariri kwenye baiolojia siku mbili kabla ya mtihani na kukisahau siku mbili baadaye. Nilipowauliza wanafunzi wa shule moja kongosho liko wapi, kijana mmoja alishika shingo, mwenzake akashika juu ya kitovu. Darasa zima likacheka! Lakini yule wa kitovu alikaribia. Liko nyuma ya mfuko wa chakula, limelala kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo mwembamba, mkia wake unaelekea kwenye bandama. Kazi yake ni kutoa majimaji ya kumeng'enya chakula, pia insulini ya kurekebisha sukari mwilini.

Sasa tuseme kuna binti wa kidato cha tatu, tumwite Neema. Anakula matonge mawili tu ya ugali, ameshiba. Miezi inapita, anaanza kuumwa chini ya mbavu za kushoto, na akijipapasa anakuta kitu kigumu. Tumbo linajitokeza. Unajua kinachofuata, sivyo? Bwenini minong'ono inaanza: "Huyo tayari!" Anapimwa mimba, hana. Anapimwa tena, hana. Hadi mwaka 2021, hapa Tanzania binti aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida ya serikali, kwa hiyo hata tetesi tu ilitosha kumnyima mtu usingizi. Nyumbani bibi anasema ni bandama, achanjwe chale. Jirani anasema huo ni mkono wa mtu. Wote hao wanampenda Neema, ila hakuna aliyempeleka kupiga picha ya tumbo.

Neema nimemtunga mimi, lakini ugonjwa wake upo kweli. Unaitwa uvimbe wa Frantz, kwa jina la daktari Virginia Frantz wa Marekani aliyeueleza mwaka 1959. Ndani yake kuna sehemu za nyama ngumu na sehemu zilizojaa damu na majimaji. Ni nadra sana: katika vivimbe 100 vya kongosho, huu ni 1 hadi 3 tu. Lakini angalia unawapata akina nani. Katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi ni wasichana na akina mama vijana. Wavulana nao huupata, ingawa mara chache.

Je, unaambukiza? Hapana. Ni wa kurogwa? Hapana. Chanzo ni hitilafu katika jini (namaanisha jini la urithi, si lile la baharini!) ndani ya seli za kongosho lenyewe. Hitilafu hiyo kwa kawaida hutokea mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, hakuirithi kwa mama wala baba.

Si kila kifuko cha maji kwenye kongosho ni uvimbe wa Frantz. Kipo kinachotokea baada ya kongosho kuumia, kwa mfano mtoto akianguka na usukani wa baiskeli ukamchoma tumboni, au kongosho likivimba kwa sababu ya pombe au mawe ya nyongo. Hicho si uvimbe wa kansa, na vingi hunywea vyenyewe. Vipo vyenye maji mepesi, ambavyo karibu havigeuki kansa kamwe. Vipo vyenye ute mzito, hasa kwa akina mama wa makamo, na hivi huondolewa kwa sababu vinaweza kugeuka. Kwa macho na kwa vidole huwezi kuvitofautisha. Ultrasaundi huonyesha kwamba kuna kitu. Siti-skani, inayopatikana kwenye hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, huonyesha zaidi ni kitu gani na kimeshika wapi.

Haya, Neema atapona? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Wakisikia "uvimbe wa kongosho" wanaanza kulia msiba, maana kansa ya kawaida ya kongosho ni mbaya kweli: hata huko Marekani, katika wagonjwa 100 ni kama 13 tu wanaokuwa hai baada ya miaka 5. Uvimbe wa Frantz ni habari nyingine kabisa. Ukikatwa wote, zaidi ya 95 katika 100 wanakuwa hai baada ya miaka hiyo 5. Lakini nao ni kansa ya polepole, tusidanganyane. Kwa wagonjwa 10 hadi 15 katika 100 husambaa, mara nyingi kwenye ini, na hata hao wengi huishi miaka mingi wakipasuliwa vizuri.

Kwa hiyo dawa yake ni kisu cha daktari. Ukiwa mkiani, hukatwa kipande hicho cha kongosho, wakati mwingine pamoja na bandama. Ukiwa kichwani, operesheni ni kubwa zaidi. Kongosho linalobaki kwa kawaida hutosha, ingawa wachache hupata kisukari. Aliyeondolewa bandama lazima apewe chanjo, alale kwenye chandarua, na akipata homa awahi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bandama ni mlinzi dhidi ya malaria na bakteria.

Na tafadhali, kama wewe au rafiki yako ana uvimbe tumboni, asikubali kukandwa! Uvimbe huu unaweza kupasuka kwa ndani na kuvuja damu. Nenda na mtu mzima unayemwamini, na ukiambiwa tu "huna mimba, nenda nyumbani," uliza: "Sasa huu uvimbe ni nini? Naomba nipigwe ultrasaundi."

Neema wetu akishapona atarudi darasani na mshono tumboni na kadi ya kliniki mkobani. Kadi hiyo asiitupe, kwani atapigwa picha ya tumbo mara kwa mara kwa miaka mingi. Wapo waliorudiwa na uvimbe huu baada ya miaka zaidi ya 10, wakapasuliwa tena, wakaendelea na maisha.