Mwanga Unapotelea Wapi?

Mpiga picha wa harusi katika Kilungu ana maadui wawili: ukungu wa Julai na kanisa lenye madirisha madogo. Ukipanda kutoka Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, hadi Nunguni, unaacha joto la nyanda za chini na kuingia kwenye baridi, mikaratusi na mashamba yaliyokatwa matuta mpaka juu mlimani. Kati ya Juni na Agosti jua laweza kujificha hadi adhuhuri. Ndani ya kanisa, maharusi wanapovishana pete, kamera ya bei nafuu inaanza kumwaibisha mwenyewe: picha zimejaa chengachenga, bibi harusi aliyekuwa akitembea ametoka kama moshi, na nyuso za wakwe zimekuwa giza kuliko zilivyo. Jioni kijana wa picha anazipitia, anashusha pumzi, anaanza kupiga hesabu ya kuuza hiki na kile ili anunue kamera kubwa.

Kamera yake huenda ni Canon 1300D ya mwaka 2016, yenye megapikseli 18, au ndugu yake 2000D ya mwaka 2018, yenye 24. Pengine ni Nikon D3500, ya 2018 pia. Zote ni DSLR za ngazi ya kwanza, na karibu zote ziliuzwa na lenzi ya aina ileile ya zumu, ya milimita 18 hadi 55. Kabla hajauza chochote, inafaa amfuate mwizi wa mwanga hatua kwa hatua. Mimi nadhani atamkuta kwenye lenzi mara nyingi zaidi kuliko kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Tuanze na kiasi chenyewe cha mwanga. Jua la mchana likiwa wazi humwaga ardhini takriban laksi 100,000. Kanisa lenye taa chache laweza kuwa na laksi 100 tu, yaani sehemu moja kwa elfu. Jicho halilalamiki, kwa sababu hujirekebisha lenyewe. Kamera haina huruma hiyo. Zumu ile ikivutwa hadi milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na katika laksi 100, hata ISO ikipandishwa hadi 3200, shata italazimika kubaki wazi kwa sekunde 1/40 hivi. Mtu anayetembea polepole, mita moja kwa sekunde, husogea sentimita mbili na nusu katika muda huo. Hapo ndipo moshi wa bibi harusi unapotoka. Kamera haijaharibika, bibi harusi ametembea tu, kama inavyompasa.

Chengachenga nazo zina asili ambayo wengi hawaijui. Mwanga hufika kwa chembe, fotoni, na chembe hizo haziji kwa mpangilio. Panga sufuria kumi zinazolingana uani mvua ya rasharasha inapoanza: baada ya sekunde chache moja itakuwa na matone saba, jirani yake kumi na mawili, ingawa mvua ni moja. Mvua ikiendelea kwa saa nzima, tofauti hiyo haionekani tena. Hesabu yake ni ya kipeuo cha pili. Pikseli iliyotarajiwa kupokea fotoni 100 hupotoka kwa 10 hivi, ambayo ni asilimia kumi. Iliyopokea 10,000 hupotoka kwa 100, asilimia moja tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chengachenga gizani imo ndani ya mwanga wenyewe, na hata kihisi cha kamera kisicho na kasoro yoyote kisingeiondoa. Dawa ni kukusanya fotoni nyingi zaidi. Kupandisha ISO hakukusanyi hata moja. Huko ni kupaza sauti ya kile kidogo kilichokwisha kuingia.

Basi fotoni zaidi zitatoka wapi? Rafiki wa mjini atamwambia: "Kaka, nunua full frame." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Kihisi cha 1300D kina ukubwa wa milimita 22.3 kwa 14.9, eneo la milimita mraba 332. Kihisi cha full frame ni 36 kwa 24, yaani 864. Kwa tundu na shata zilezile, picha nzima hupata mwanga mara 2.6. Si haba.

Sasa tazama lenzi. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la upana wa milimita 28 hivi. Ukiibana hadi f/5.6, tundu linabaki la milimita 9. Linganisha maeneo ya matundu hayo mawili na utapata tofauti ya karibu mara kumi. Canon walipotoa lenzi ya namna hiyo, EF 50mm f/1.8 STM, mwaka 2015, bei yake Marekani ilikuwa kama dola 125. EOS RP, mojawapo ya kamera za full frame za bei ya chini kabisa, ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa dola 1,300 hivi, bila lenzi. Mara kumi ya mwanga kwa bei ya chini, au mara mbili na nusu kwa bei ya juu mara kumi. Isitoshe, lenzi ile ya 18–55, ambayo Canon huiita EF-S, haiingii kabisa kwenye DSLR ya full frame, kwa hiyo anayehamia DSLR hiyo anaanza pia kununua lenzi upya. Jambo hilo rafiki wa mjini huwa halitaji.

Katika kanisa lilelile, f/1.8 inamruhusu kijana kwenda hadi 1/400 kwa ISO ileile 3200, na bibi harusi atasogea milimita mbili na nusu tu. Au atumie 1/100 na kushusha ISO hadi 800. Mimi ningechagua hii ya pili maharusi wakiwa wamesimama, hasa chini ya taa za umeme. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Shata ya kasi sana hunasa kipande tu cha mzunguko huo, na picha hutoka na mistari, au moja yenye mwanga na inayofuata yenye giza.

Lenzi hiyo haiji bure, hata hivyo. Kwa f/1.8, umbali wa mita mbili, sehemu iliyo ndani ya fokasi ina kina cha kama sentimita 11. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, mmoja wao atakuwa na haki ya kudai pesa zake. Tena, milimita 50 kwenye kihisi kidogo huona sehemu nyembamba. Ukoo uliojipanga kwa upana wa mita sita unamtaka mpiga picha arudi nyuma zaidi ya mita 13, na katika uwanja wa nyumba ya Kilungu, mita 13 nyuma yako mara nyingi ni shamba la jirani, tuta moja chini. Kwa milimita 18, mita tano zinatosha. Lenzi ya zamani basi isiuzwe: picha ya ukoo hupigwa nje, na nje mwanga upo, hata wakati wa ukungu.

Kuhusu nyuso zilizotoka giza, hapo hakuna cha kununua. Mita ya kamera hudhani kwamba kila kilichomo kwenye picha, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha kati, kinachorudisha kati ya asilimia 12 na 18 ya mwanga unaokiangukia. Gauni jeupe likijaza nusu ya picha, mita inashtuka, inaamini mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linakuwa la kijivu, na ngozi nyeusi iliyo kando yake inazama. Mitambo ya picha ina historia mbaya katika jambo hili: kwa miongo kadhaa maabara za Marekani zilisawazisha rangi za filamu kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kwenye 1300D, shika kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha gurudumu hadi +1, kisha tazama mashavu, si gauni. Ukipiga kwa RAW badala ya JPEG unapata nafasi zaidi ya kurekebisha baadaye: biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG hubeba 256. Programu ya kuzisafisha, kama darktable, haina malipo.

Megapikseli nitazipitia haraka kwa sababu zimeshapewa heshima kuliko zinavyostahili. Kutoka 18 hadi 24 unaongeza asilimia 15 tu kwa upana wa picha. Zile 18 zinachapa ukurasa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi, karibu na kikomo. Na wateja wengi wataziona picha hizo kwenye WhatsApp, ambayo kwa kawaida huzibana hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu.

Je, kuna siku bodi yenyewe inafaa kubadilishwa? Ipo, na sababu ninayoipa uzito wa kwanza haina uhusiano na uzuri wa picha. Kamera hizi za mwanzo zina nafasi ya kadi moja. Kadi ikifa kati ya kanisa na karamu, ndoa haiwezi kurudiwa. Kamera yenye kadi mbili huandika kila picha mara mbili kwa wakati mmoja. Anayelipwa kwa harusi kila Agosti na Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka mjini, anauza uhakika kabla ya kuuza picha.

Sababu nyingine ni fokasi. 1300D na 2000D zina vituo tisa vya fokasi, vilivyokusanyika katikati, na anayefuatilia ndege warukao au watoto wa mbio za shule atavichosha upesi. Kamera mpya zisizo na kioo hutafuta jicho la mtu zenyewe na kulifuata, na kitafutio chake cha kielektroniki hukuonyesha giza la uso kabla hujabonyeza. Pia zinaweza kupiga kimya. Kishindo cha kioo cha DSLR wakati wa viapo humfanya hata mchungaji ageuke.

Ya tatu ni flashi, na hapa pana mtego. Kwenye 2000D na 4000D, Canon waliondoa kipini cha katikati kwenye kile chuma cha juu unapochomeka flashi. Flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine hutegemea kipini hicho, hivyo zitakaa pale juu kama pambo. 1300D, iliyo ya zamani zaidi, inacho. Kwa hiyo mtu anayetoka 1300D kwenda 2000D akidhani amepanda ngazi anaweza kujikuta ameshuka. Na kama kanisa lina mabati matupu bila dari nyeupe, kurushia flashi juu hakuleti mengi kwa vyovyote.

Kwa kazi nyingine swali la kubadilisha halina uzito kabisa. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, R. O. Barnes, alipiga picha za miteremko iliyoliwa na mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Kilungu ndani yake. Makueni, iliyo na Kilungu sasa, ilikatwa kutoka humo kuwa wilaya mwaka 1992. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi mahali palepale wakapiga tena. Katika kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka 1994, jozi hizo ni ushahidi mkubwa: watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na miteremko iliyokuwa uchi ina miti na matuta ya fanya juu. Ushahidi huo haukutegemea ubora wa kamera ya Barnes, bali kujulikana kwa mahali aliposimama. Kikundi cha wakulima kinachotaka kuonyesha matuta yake yanavyofanya kazi kina kila kitu katika 1300D: lenzi iwe kwenye milimita zilezile, jiwe la kusimamia liwe lilelile, na msimu usibadilike.

Soko nalo limeshafanya uamuzi wake. Canon walitoa EOS R mwaka 2018 na mdomo mpya wa lenzi, na mwaka 2021 walisema 1D X Mark III ndiyo DSLR yao kuu ya mwisho. Wenye mali wanahama, na lenzi za EF, mfumo ulioanza 1987, zinamwagika kwenye maduka ya mitumba. Kwa adapta, lenzi hizo hufanya kazi vizuri kwenye bodi mpya, hivyo anayenunua lenzi nzuri leo anakwenda nayo.

Akienda dukani, abebe tochi. Amulike lenzi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, atafute nyuzi kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu, na hewa yenye unyevu kama ya Kilungu wakati wa baridi huilisha. Aipige picha anga kwa f/16, aikuze kwenye skrini. Vumbi lililo kwenye kihisi litajitokeza kama madoa. Aulize shata imepiga mara ngapi. Kama ni Nikon, akumbuke kwamba D3500 haina mota ya fokasi ndani yake, na lenzi za zamani za AF-D atazifokasi kwa mkono. Na kabla hajatoa pesa, achomeke flashi yake mwenyewe juu ya kamera na abonyeze.