Umepata leseni ya malori: uanze kwa tajiri gani?

Wiki iliyopita msikilizaji wetu wa upande wa Makambako alitutumia ujumbe. Ana leseni daraja E, amemaliza mafunzo ya magari makubwa, na ada yake ilitokana na ng'ombe wawili wa mzee wake. Sasa ameitwa na matajiri wawili. Wa kwanza ana gari jipya na posho nene ya safari, ila hataki habari za karatasi. Wa pili magari yake yamechoka kidogo, posho ni ndogo, lakini kampuni inataka asaini mkataba kabla ya kushika usukani. Aende wapi?

Tuliusoma ujumbe hewani, na simu ziliita mpaka kipindi kikaisha. Kilichotushangaza ni kwamba madereva wakongwe waliopiga hawakuhangaika na posho wala upya wa gari. Karibu wote walizungumzia makato.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na mzigo wa Kongo bado unaivuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Njiani mengi hutokea. Tajiri anakupimia mafuta ya safari nzima, lakini mzigo ni mzito, Kitonga inakula dizeli, na foleni ya mpakani inakuweka siku kadhaa. Mafuta yakizidi hesabu, nani analipa? Mzigo ukishushwa ukapungua, yaani shoti, nani analipa? Tairi likipasuka? Trafiki akikuandikia shilingi 30,000 kwa sababu taa ya tela haiwaki, na taa hiyo uliiripoti gereji wiki nzima? Dereva mmoja alituambia aliwahi kurudi kutoka safari ya wiki tatu akiwa anadaiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jibu, na wengi hawalijui. Mwajiri hawezi kukukata mshahara kwa hasara au uharibifu mpaka iwe ni kosa lako, akuandikie kukueleza sababu na kiasi, na akupe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo ukipewa fomu inayosema unakubali makato yoyote yatakayotokea, usiisaini kwa haraka ya kupata kazi. Omba kwenda nayo nyumbani, mtu mwingine aisome.

Mizani nayo usiisahau. Lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56, gari na mzigo kwa pamoja. Wewe si uliyepakia, lakini ukifika Vigwaza au Mpemba ni wewe uliyekaa kwenye usukani. Uliza mapema: mzigo ukizidi, faini ni ya nani, na je, una ruhusa ya kukataa kuondoa gari?

Mkataba wenyewe, sheria inataka uwe wa maandishi. Tafuta humo mshahara, mbali na posho, maana kuna matajiri wanaolipa posho tu na kuiita mshahara. Madai ya mikataba ndiyo yaliyokuwa kiini cha migomo ya madereva ya mwaka 2015, kwa hiyo usijione msumbufu ukiuliza. Uliza pia kuhusu NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa WCF unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiuona umekatwa kwenye mshahara wako, hapo pana tatizo. Mfuko huo ndio unaokulipa ukiumia kazini, na kwa dereva wa masafa hilo si jambo la pembeni.

Majibu ya kweli huyapati ofisini. Nenda yanapolala magari ya kampuni hiyo, jioni, ukae na madereva na matingo. Waulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi, na gari likiharibika porini wanasubiri siku ngapi kabla hela ya chakula haijatumwa. Waulize na nani ameacha kazi mwaka huu na kwa nini. Kama kila mtu pale ni deiwaka na hakuna aliyemaliza mwaka, umeshapata jibu bila kuambiwa.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaliweka juu ya yote kwa dereva mpya: nani atakufundisha mlima? Chuoni hukushuka Kitonga na tela lililojaa. Kushuka kwa gia ndogo, injini ikizuia gari ili breki zisichemke, kunajifunzwa ukiwa na mkongwe pembeni. Kampuni itakayokupa safari mbili au tatu na dereva mzoefu, hata kama posho ya siku hizo ni nusu, inakupa kitu kikubwa. Ile inayokukabidhi funguo siku ya kwanza uende Tunduma peke yako, tungeikimbia. Tangi la mafuta nalo liache kwanza, kwa sababu kimiminika kinayumba kwenye kona na mzigo wenyewe ni hatari.

Kwa msikilizaji wetu, tulimwambia aende kwa tajiri wa pili, lakini ahakikishe uchakavu wa magari hauhusu breki, matairi na usukani. Akikuta breki mbovu, aachane na wote wawili aendelee kutafuta.

Na mambo yakiharibika baadaye, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri, na madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Weka nakala ya mkataba nyumbani. Ukiiacha kwenye kebini, siku ya kunyang'anywa gari nayo inaondoka.