Dunia Ianzie Mto Rau

Kila mwaka, vuli inapokaribia na wanachuo wapya wanaposhuka katika stendi ya mabasi ya Moshi na masanduku yao, magodoro yao na barua zao za kukubaliwa, mji huu hupokea vijana ambao wengi wao hawajapata kuuona mlima Kilimanjaro kwa macho yao, na ambao kabla ya kuuliza habari ya masomo huuliza ni saa ngapi kilele hujifunua mawinguni. Baadhi huingia Chuo Kikuu cha Ushirika, baadhi Mwenge, baadhi chuo cha tiba kilicho ubavuni mwa hospitali ya KCMC. Lakini aghalabu, popote waingiapo, hukutana na somo moja wasilolichagua, liitwalo Mafunzo ya Maendeleo, ambalo wao wenyewe hulitaja kwa herufi mbili tu za jina lake la Kiingereza: DS.

Somo hili ndilo mlango ambao kwao vyuo vyetu humwingiza kijana wa mwaka wa kwanza katika mambo ya dunia: utajiri na ufukara wa mataifa, biashara, madeni, tabianchi, utawala, haki na wajibu wa raia. Nia yake ni njema kabisa. Lakini kwa insafu yapasa kusema kwamba vijana wengi hulipita kama mtu apitavyo kivuko, akingoja tu kufika ng'ambo. Ukumbi umefurika, mhadhiri yu mbali, na mtihani unapokaribia hutafutwa madesa, yaani makaratasi yaliyorithiwa kwa waliotangulia, yakakaririwa usiku na kusahauliwa asubuhi.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa asili ya somo hili ilikuwa moto. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana, wamevaa majoho yao ya kitaaluma, kupinga amri ya kuwataka wahitimu walitumikie taifa miaka 2, na kwa miezi 18 ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Na baadhi ya mabango yao yalidiriki kudai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere, aliyewapokea na kuwasikiliza, aliwaka kwa ghadhabu, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha, Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huo huo chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza kilikuwa na kazi gani katika nchi maskini. Humo ndimo lilimochipukia wazo la somo la pamoja kwa wote, awe mwanasheria au mhandisi, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi ya kulisimamia. Katika miaka hiyo Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia pale Dar es Salaam, kitabu chake juu ya Ulaya na udhalili wa Afrika kikatoka 1972, na miongoni mwa waliosoma chuoni hapo alikuwamo kijana Yoweri Museveni wa Uganda. Swali lilikuwa moja, nalo lilikuwa hai: aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima anadaiwa nini na mkulima yule? Siku hizi swali hilo limekunjwa likawa orodha ya tafsiri za maneno.

Mimi naona dawa yake iko karibu, wala haihitaji fedha za wafadhili. Mwanachuo wa Moshi na apelekwe Rau.

Mto Rau hutoka katika misitu ya mlima, ukapita vihamba vya migomba na kahawa, ukafika kwenye kata iliyobeba jina lake pembezoni mwa mji, ukaingia msitu wa hifadhi usiofika hekta 600, wenye chemchemi na miti ya msoo ambayo ni adimu duniani, kisha ukatoka kwenda kunywesha mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Huko juu, kwa karne nyingi, Wachaga waligawana maji kwa mifongo, yaani mifereji yao ya asili, kila ukoo na zamu yake, na asiyetokea siku ya kuuzibua mfongo alitozwa faini; nani atatafuta funzo la haki na wajibu lililo bayana kuliko hilo? Huko chini, skimu ya mpunga iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani ilipandwa mbegu iitwayo IR54, iliyozalishwa Ufilipino, ikastawi mno, hata wakulima waliokuwa juu ya mifereji na nje ya skimu nao wakapanda mpunga, wakayachota maji kabla hayajafika, na sehemu ya mashamba yaliyochongwa kwa gharama kubwa ikakaa kavu. Hapo mna misaada ya kigeni, mapinduzi ya kilimo, sheria ya maji na ugomvi wa majirani, vyote katika mwendo wa asubuhi moja. Maji yanayosalia huenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, yakamwagika baharini Pangani. Na bodi inayogawa maji ya bonde zima ofisi yake iko hapa hapa Moshi, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kubisha hodi.

Kuufuata mto kuna faida nyingine. Mwanachuo aliyelishwa makaratasi huandika kwamba barafu ya Kilimanjaro inayeyuka na kwa hiyo mito inakauka. La kwanza ni kweli tupu, kwani zaidi ya sehemu 4 katika 5 za barafu iliyokuwako mwaka 1912 zilitoweka kabla ya kutimia miaka 100. Lakini mito hii hulishwa hasa na mvua inyeshayo msituni, wala si theluji ya kileleni. Basi anayelilia barafu huku akinyamazia shoka lililo msituni amekariri tu. Kahawa nayo ingemfundisha vivyo hivyo: wakulima walioanzisha chama chao 1925, wakakigeuza kuwa KNCU 1933, walikuja kujua mwaka 1989, mapatano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalipovunjika na bei ikaporomoka, kwamba kikapu cha mtu wa Kilimanjaro hupimwa New York.

Wala wanachuo wasidhani kwamba kupeleka neno duniani ni kazi ya wenye digrii. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wakachanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akavuka bahari kwenda kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili papa hapa Moshi. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini Mwalimu Nyerere alipokwenda katika ukumbi huo mwaka 1955, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mkulima.

Limebaki jambo la lugha. Somo la raia na wajibu wake hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali kikao ambamo uraia wenyewe hutendeka, mkutano wa mtaa au wa kijiji, huendeshwa kwa Kiswahili, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuketi na kunena. Nimewasikia vijana hodari wa kueleza utandawazi kwa Kiingereza cha vitabuni wakibabaika kumwuliza mwenyekiti wa mtaa mapato na matumizi.

Ndugu wahadhiri, mnaowapokea vijana hawa wangali wageni na wangali wadadisi: punguzeni mhadhara mmoja kwa muhula, mkawapeleke Rau wakafuate maji kutoka mfongo hadi jaruba, na huo mtihani wa mwisho, sehemu yake moja na iwe taarifa ya mkutano wa mtaa waliouhudhuria, iliyoandikwa kwa Kiswahili, na nakala yake akapewe mwenyekiti.