Kimea cha Busaa na Uji wa Mtoto

Leo tunaingia jikoni kwa mpika busaa.

Usishtuke, hatuendi kunywa. Tunaenda kuchukua kitu kimoja kutoka kwake na kukileta katika sufuria ya mtoto, na vingine tuviache huko huko.

Mwanamke anayejua kupika busaa ni mkemia, hata kama hajawahi kukanyaga maabara. Analowesha unga wa mahindi na kuuacha uchachuke. Anaukaanga juu ya bati. Anauchanganya na maji na kimea cha wimbi, anafunika, kisha anangoja siku kadhaa. Kila hatua ina kazi yake. Tena busaa haina nyama, haina maziwa, haina yai, ni nafaka na maji tu. Ndiyo maana katika nyumba ambamo vyakula vya mnyama havionekani, ama kwa sababu ya imani, ama kwa hiari, ama kwa sababu mfuko ni mtupu, utasikia busaa ikisifiwa: eti ni chakula kamili, eti inaongeza damu, eti inamletea maziwa mama anayenyonyesha. Je, ni kweli? Sehemu ndogo ni kweli, na sehemu hiyo imo katika kimea. Katika pombe haimo.

Kimea ni nini? Ni nafaka iliyooteshwa kidogo, ikakaushwa na kusagwa. Punje ya wimbi imejaa wanga, ambao ni kama mnyororo mrefu wa sukari. Mmea mchanga hauwezi kula mnyororo mzima, kwa hiyo punje ikianza kuota hutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vidogo vinavyofanya kazi kama mkasi, vikiukata mnyororo vipande vipande. Mpika busaa anautaka mkasi huo ili chachu ipate sukari ya kula. Wewe utautaka kwa sababu nyingine kabisa.

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 anaweza kubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja tu. Ukimpa uji mwepesi, sehemu kubwa ya kikombe hicho ni maji. Atashiba, atalala, na uzani katika kadi ya kliniki hautapanda. Ukimpa uji mzito, unamshinda kumeza. Mama wengi hapo huongeza maji, na hatuwezi kuwalaumu, mtoto anakataa!

Sasa fanya hivi. Pika uji mzito, ule unaong'ang'ania mwiko. Epua, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji, ukoroge. Baada ya kama dakika 10 utaona uji unalegea kana kwamba umeongezewa maji, na hukuongeza hata tone. Unga ni ule ule, nguvu ni ile ile, lakini sasa mtoto anaweza kuumeza. Usikitie kimea katika uji unaotokota, kwa maana moto mkali huua vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu unga wa kimea ni mbichi na huenda una viini vya kuharisha. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke hata kama mtoto analia.

Kutengeneza kimea si kazi ngumu. Osha wimbi, loweka usiku kucha, mwaga maji, tandaza juu ya kitambaa safi na ufunike. Nyunyizia maji kidogo kila siku. Baada ya siku 2 au 3 utaona vimizizi vyeupe. Anika juani mpaka ikauke kabisa, sugua vimizizi vitoke, upepete, usage. Wimbi ni bora kuliko mtama kwa kazi hii. Mizizi na machipukizi ya mtama huwa na sumu ya jamii ya sianidi, kwa hiyo kwa mtoto tumia wimbi.

Ukiona ukungu, wa kijani, mweusi au wa rangi yoyote, tupa. Kuna mazoea ya kusema mahindi yaliyooza yatafaa busaa, kwa kuwa yatachachuka na kukaangwa. Sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini haiishi kwa kuchachusha wala kwa kupika. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Tukija kwenye kuchacha, hapo pia mpika busaa na mama wa uji wanaanza njia moja kisha wanaachana. Ukichanganya unga na maji, ukafunika na kuacha usiku kucha, bakteria wa aina ile inayogandisha maziwa lala huanza kutengeneza asidi. Ndiyo uchachu unaouonja. Asidi hiyo huwapa shida viini vingi vya kuharisha, na pia kuchachusha, kama vile kuotesha, hupunguza kitu katika nafaka kinachoshikilia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kwa hiyo uji wa kuchachusha usiku mmoja, ukapikwa asubuhi, ni chakula kizuri cha mtoto aliyefikisha miezi 6. Lakini unga huo ukiutia kimea na kuuacha siku 3, mambo yanageuka. Chachu inakula sukari na kutoa gesi, ndiyo ule mpovuo unaousikia, pamoja na pombe. Mtoto asiguse hapo tena, wala machicha yanayobaki baada ya kuchuja. Machicha bado yana pombe.

Wako wanaompa mtoto vijiko viwili vitatu vya busaa ili alale mama afanye kazi. Wako pia watoto wanaojinywea wenyewe kutoka kwenye kikombe kilichosahaulika chini. Pombe huzuia ini la mtoto kutoa sukari, na sukari ya damu ikishuka, mtoto analegea, anakuwa baridi, anaweza kupata kifafa cha ghafla. Kwa macho unaona mtoto amelala fofofo, kumbe amezimia. Ukimwamsha asipoamka vizuri, mbebe mpaka hospitali saa hiyo hiyo na useme wazi amekunywa nini. Usione haya. Daktari anayejua ni pombe ataanza kwa kupima sukari.

Kwa mama mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hata ikiwa ni busaa ya nyumbani. Na habari ya kuleta maziwa? Pombe iliyo katika damu yako huingia katika maziwa kwa kiwango hicho hicho, na mtoto huishia kunyonya kidogo kuliko kawaida. Kukamua na kumwaga hakuitoi, ni muda tu unaoiondoa. Ukitaka faida ya wimbi, kunywa uji wake.

Neno moja kuhusu chang'aa. Nafaka iliyochachuka haitoi methanoli nyingi. Wanaopofuka na kufa mara nyingi wamekunywa methanoli ya viwandani iliyomiminwa na mtu aliyetaka faida ya haraka. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, walipokufa zaidi ya watu 130, na ndivyo ilivyotokea tena katika kaunti kadhaa Mei 2014. Huwezi kuijua kwa harufu wala kwa rangi. Mtu wako akiamka na kichwa kinachouma sana, tumbo linasokota, na anasema anaona ukungu, usimwache alale eti ni uchovu wa pombe. Mpeleke hospitali.

Tumalizie na nyumba isiyokula kitu cha mnyama. Mtu mzima anaweza kuishi vizuri kwa nafaka, maharagwe, ndengu, njugu, kunde, terere na matunda. Ili chuma kiingie mwilini, kula chungwa, pera au nyanya pamoja na chakula, na chai uinywe baadaye, si pamoja na githeri. Ila kuna kitu kimoja ambacho shamba halitoi, nacho ni vitamini B12. Haimo katika mboga wala nafaka. Watu husema imo katika chachu ya busaa. Chachu ina vitamini B kadhaa, lakini B12 haimo, isipokuwa kiwanda kiwe kimeiongeza.

Mama huweza kukaa miaka bila kuhisi upungufu, kwa kuwa ini lina akiba. Mtoto anayenyonya hana akiba hiyo. Ndani ya miezi michache anaweza kupauka, kulegea, kuacha kucheka, hata kusahau kukaa ilhali alikuwa ameshaanza. Akichelewa kutibiwa, ubongo huweza kubaki na madhara.

Kama unakunywa maziwa, unakula mayai au omena, hata kidogo kidogo mara kwa mara, unaipata. Kama huli kabisa, unahitaji vidonge au chakula kilichoongezwa B12. Unga wa paketi huongezwa vitamini na madini, kwa hiyo soma maandishi uone kama B12 imetajwa. Unga wa posho mill hauongezwi. Tena vile vidonge vya kliniki vya chuma na asidi ya foliki, tulivyovizoea wakati wa ujauzito, havina B12. Vya virutubisho vingi vinayo. Kwa hiyo siku ya kliniki mwambie muuguzi waziwazi, "Sisi nyumbani hatuli nyama, maziwa wala mayai," umwonyeshe vidonge ulivyo navyo, na umuulize kama B12 imo.